Bei Tuliyoisomea Fatiha

Nilisoma shule ya jioni miaka saba, na ukiniuliza ana kwa ana nitakwambia kumi, kwa sababu miaka ya shule ya jioni haihesabiwi kama miaka mingine. Ile ina mbu. Darasa letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viti na makabati, na mbu waliohudhuria masomo walikuwa wengi kutushinda sisi, na wenye bidii zaidi. Naamini wawili watatu walifuzu. Mchana nilikuwa karani wa godauni huko Shimanzi, kazi yangu kuhesabu mizigo inapoingia na inapotoka. Magharibi ikishaswaliwa naingia darasani nanuka gunia, nafundishwa biashara na uchumi. Siku niliyopewa stashahada nilitembea kwa miguu toka Makadara hadi kwetu Mji wa Kale nimeishika mkononi bila bahasha, ili kila mwenye mato aone.

Aliyenilea ni mamangu mdogo, mdogo wake mamangu mzazi. Yeye alikuwa akiuza mahamri. Nimewahi kusema mbele ya mashahidi kwamba meli ilichelewa kung'oa nanga Kilindini kwa sababu nahodha alikuwa yuwangoja mahamri ya mamangu mdogo yapoe. Si kweli, lakini hakuna aliyebisha, na hiyo ndiyo sifa yenyewe. Aliyakanda kwa tui zito na iliki aliyoitwanga mwenyewe, akayalaza, na alfajiri ikishaswaliwa karai linawekwa motoni na kichochoro kizima kinaamka kwa harufu. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: duara la unga likishasukumwa hukatwa mara mbili tu, msalaba mmoja, yatoke mahamri manne. Wenzake wa mitaa ya jirani walikuwa washaanza kukata sita. Bei ileile, hamri ndogo. Yeye akisema hiyo ni kumuibia mtu mbele ya uso wake na kumtakia asubuhi njema.

Nyumbani waliniita Profesa, na kwa heshima ileile wakaniita Ngumbaru, jina la wazee wanaojifunza kusoma ukubwani. Ilitegemea nani anataka kukopa kitabu na nani anataka kunikera.

Sasa, mwaka huo mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda hadi watu wakiyazungumza kwa sauti ya chini kama wanaozungumzia maradhi. Mwezi wa Rajabu ulipoandama, miezi miwili kabla ya Ramadhani, serikali ikatangaza kwamba imesamehe ushuru wa mafuta yanayoletwa kutoka nje, kwa muda, ili mwananchi apate nafuu. Nililisoma tangazo gazetini nikahisi limeandikwa kwa ajili yangu. Hili somo nilikuwa nimelifanyia mtihani! Nilikwenda nyumbani nikikimbia.

Nilimkuta mamangu mdogo amekaa mbele ya kibao chake, amekinyunyizia unga tayari kusukuma. Sikungoja. Nikachora kwa kidole juu ya ule unga, mstari mmoja unaopanda na mmoja unaoshuka.

"Huu, mama, ni wauzaji. Huu ni wanunuzi. Pale wanapokutana ndipo palipo na bei."

"Wamekutana wapi, Marikiti?"

"Popote, mama. Sasa serikali ikiondoa ushuru, mstari huu wa wauzaji wasogea huku. Bei yashuka. Haina njia nyingine. Ni hesabu."

Aliangalia mistari yangu akaweka kidole chenye unga kati yake.

"Na tajiri wako wa godauni yuko mstari gani?"

"Huyo ni mwuzaji tu, mama, kama wauzaji wengine."

"Mwuzaji kama mimi?"

"Kama wewe."

Akateka. Sisi huku hatucheki, twateka, na yeye aliteka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akafuta uchumi wangu wote kwa kiganja, akaweka donge la unga juu yake, akaanza kusukuma.

Wiki ile mwenye hoteli wa Makadara alikuja nyumbani. Alikuwa akichukua mahamri kwetu kila asubuhi, mia mbili, auze na mbaazi za nazi. Hoteli yenyewe ilikuwa na meza sita na paka saba. Yeye alikuwa mtu wa utani na kanzu isiyotiwa pasi, na siku hiyo alikuja na shida.

"Mama, nimechoka na chaki. Kila wiki nafuta ubao, naandika bei mpya, wateja waniangalia kama mwizi. Nataka kumwita mchoraji anipigie bei ukutani kwa rangi. Rangi ya mafuta, nyekundu. Watu waingie wajue hapa ndipo palipo na msimamo. Lakini siwezi kupaka rangi kama wewe utanibadilishia."

"Mimi mwenyewe nabadilishiwa, mwanangu," mamangu mdogo akamjibu. "Wiki hii mtungi wa mafuta una bei hii, wiki ijayo Mungu ajua."

Hapo ndipo nilipoingia. Natamani ningekuwa na jino lauma siku ile. Natamani ningekuwa mbali, Voi huko.

"Mama," nikasema, "mafuta yatashuka. Funga bei sasa, hii hii ya leo, mpaka Shaabani iishe. Yakishashuka faida yote ni yako. Wewe ndiwe utakayekula."

"Wewe una hakika?"

"Mama, nina stashahada!"

Mwenye hoteli akanitazama kwa mahaba. "Profesa asema. Basi mpaka Shaabani iishe. Ramadhani mimi nafunga hoteli mchana, tutaonana upya."

Mamangu mdogo alikuwa bado yuwasita, akisugua vidole vyake. Na mimi, kwa kuwa mtu akishaanza kuharibu huona uvivu kuacha katikati, nikasema tuisomee Fatiha. Huku kwetu posa ikikubaliwa, safari ikipangwa, nyumba ikikodiwa, watu huinua viganja wakasoma Fatiha, na kutoka hapo jambo limefungwa. Sijasikia kabla yake wala baada yake watu walioisomea Fatiha bei ya hamri. Lakini tuliinua viganja, sote watatu, pale mbele ya kibao cha unga, tukasoma, tukajipangusa nyuso. Mwenye hoteli akaondoka yuwaimba. Mchoraji alikuja siku ya pili yake, na ile bei ikawekwa ukutani kwa herufi kubwa ambazo, nakuapia, rubani angeweza kuzisoma.

Basi mafuta yakaanza kuja. Wacha nikwambie jinsi yalivyokuja. Malori yalipanga foleni toka bandarini mpaka mlangoni kwetu Shimanzi, na mimi na kalamu yangu nikiyahesabu: mitungi ya lita ishirini, ya manjano, inashushwa na kupangwa hadi darini. Tulipojaza godauni la kwanza tukafungua la pili. Nilikuwa na furaha ya mjinga. Kila mtungi niliouandika niliona bei ikishuka kidogo, kama ngazi.

Jioni nikifika nyumbani nasema, "Yameingia, mama. Mengi! Wiki ijayo yashuka."

Wiki ijayo ikaja. Dukani bei ilikuwa palepale. Wiki ya pili ikapanda kidogo, kwa sababu dizeli nayo ilikuwa imeongezwa na wenye malori wakaongeza yao. Nikasema wiki ijayo.

Katika wiki ya tatu nilitambua kitu ambacho karani yeyote asiye na stashahada angekitambua siku ya kwanza. Daftari langu lilikuwa na kurasa za kuingia zilizojaa na kurasa za kutoka zilizokuwa nyeupe. Nilimfuata tajiri wangu ofisini. Alikuwa akinywa kahawa, mtu mpole, hajapata kunipigia kelele hata siku moja, na mfanyakazi akifiwa yeye ndiye wa kwanza kutoa gari.

"Tajiri, haya mafuta hayatoki?"

"Yatatoka."

"Lini?"

"We wafuturu kwa nini, bwana? Kwa maji?"

Sikufahamu. Akaweka kikombe chini.

"Sambusa. Bajia. Kaimati. Viazi vya rojo. Kila nyumba ya kisiwa hiki itaweka karai motoni siku thelathini. Leo niuze kwa nini? Na msamaha wa ushuru mwisho wake ni Shaabani. Ukishakwisha, atakayeleta mafuta ataleta kwa ushuru, atauza kwa bei ya ushuru, nami nitauza kwa bei hiyohiyo. Yangu niliyaleta bila ushuru."

"Lakini serikali ilisamehe ili mwananchi..."

"Serikali ilinisamehe mimi niliyeleta. Kuna mahali imeandika niuze siku gani?"

Hakukuwa na mahali. Nilirudi nikalisoma tangazo tena, mara tatu, kwa makini ya mtihani. Ushuru umesamehewa, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho. Hapakuwa na neno juu ya bei dukani, wala juu ya mlango wa godauni. Aliyeliandika naye, nadhani, alikuwa na mistari miwili kichwani kama mimi, na hakuna aliyemuuliza tajiri yuko mstari gani.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili si la serikali wala la tajiri. Nilikuwa nishajua. Zilibaki wiki tano nzima. Ningeweza kwenda nyumbani jioni ile nikasema: mama, nilikosea, mafuta hayashuki, mwite mwenye hoteli muinue viganja tena msome nyingine. Maneno kumi na kitu. Nimewahi kusema maneno elfu juu ya hamri moja. Lakini nilipofika, mamangu mdogo alikuwa na majirani wawili mlangoni, na mmoja wao akanipokea kwa kelele:

"Haya, Ngumbaru! Mafuta yako yameshuka au yangali yapanda ngazi?"

Wakateka wote. Mamangu mdogo hakuteka. Alinikingia kifua.

"Mwacheni mwanangu. Ameyahesabu kwa kalamu yake. Yeye ajua kuliko nyinyi."

Nikasema, "Wiki ijayo."

Nikalisema tena wiki iliyofuata, na tena. Kila nilipolisema nilikuwa najua idadi kamili ya mitungi iliyolala Shimanzi, ningeweza kuitaja usingizini.

Mamangu mdogo alikuwa akinunua mtungi wake kwa bei ya duka na kumpelekea mwenye hoteli mahamri kwa bei ya Fatiha. Kwanza aliacha kunywa chai ya maziwa. Kisha akaacha kuwauzia watu wa kichochoroni, kwa sababu hakuweza kununua unga wa wote, na neno lake lilikuwa kwa mwenye hoteli. Kisha bangili yake moja haikuwa mkononi, nami sikuuliza, naye hakusema.

Jirani mmoja alimwambia kwa huruma, mimi nikisikia, "Dada, si ukate sita? Bei ni ileile, nani atajua?"

"Nilisoma Fatiha hamri ikiwa hivi," akasema, akamwonyesha kwa kiganja. "Sikuisomea hamri ya kukatwa sita."

Kwa hivyo kila alfajiri aliendelea kukata manne, manene, yenye iliki, mahamri mazuri kuliko yote niliyopata kula maishani, na sizidishi chumvi hapa, hili peke yake sizidishi. Nami nikiyabeba kikapuni hadi Makadara kabla ya kazi, nayaweka mezani chini ya ile bei nyekundu, na mwenye hoteli ananigonga bega.

"Profesa! Mambo ya mafuta yaendelea vipi?"

"Salama."

Aliniuliza hivyo kila asubuhi. Kila asubuhi nilimjibu salama.

Shaabani ikaisha. Asubuhi ya mwisho mamangu mdogo alikata duara la mwisho, akakaanga, akapakia kikapu, akakisukuma kwangu. Alasiri ile nilimkuta ameliosha karai kwa majivu na kulisugua hadi likang'aa, nami nikafurahi, nikadhani yuwalitayarisha kwa Ramadhani, mwezi ambao kwa mpishi wa mahamri ni kama mavuno. Alikuwa yuwaliosha kwa sababu amempata mtu wa kulinunua. Hakubakiwa na cha kununulia unga wa kuanzia. Pesa za karai zilikwenda kwenye kodi ya chumba chetu.

Wiki moja ndani ya Ramadhani nilipita Makadara kabla ya magharibi. Mwenye hoteli alikuwa akifagia nje, akaniita.

"Mbona mama hajaniletea salamu? Nataka tuzungumze ya baada ya Idi."

Nikamwambia ameacha kazi. Nikamwambia na sababu, kwa mara ya kwanza, yote, pale kizingitini, huku nimeangalia viatu vyangu. Aliusimamisha ufagio.

"Miezi miwili alikuwa yuwapata hasara?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wajua?"

"Nilijua."

"Mbona hakuna aliyeniambia?" Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Mimi kila asubuhi nakuuliza, bwana. Kila asubuhi! Kopo la rangi nyeupe ni bei gani? Ningeufuta ukuta siku ileile. Tungeinua mikono, tukasoma nyingine, yakaisha. Ama mwanifikiria mimi ni nani?"

Nilikuwa nimefanya mtihani wa uchumi, nikafaulu, na katika kitabu kizima hakuna mahali palipoandikwa kwamba unaweza kwenda kwa mwenzako ukamwambia bei imekushinda.

Siku ileile, baada ya kufuturu, nilimwambia mamangu mdogo. Tulikuwa tumekaa jamvini, tende zimebaki mbili. Nilianza na godauni na nikataka kumweleza msamaha ulivyoandikwa, tarehe zake, dizeli, malori. Aliinua mkono.

"Hayo ya serikali wacha. Magunia, mitungi, sijui nini, ulikuwa wayaona? Kwa mato yako?"

"Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu."

Alichukua tende moja, akaitoa kokwa taratibu.

"Mimi nilidhani huyaoni," akasema. "Nilisema, masikini, yuko nje mlangoni na kalamu, wamemficha ndani. Nikawa nakuonea huruma."

Aliondoka kwenda kutawadha kwa ajili ya isha na tarawehe, na ile huruma yake aliyonionea bure miezi miwili imenikaa mpaka leo.

Tajiri alifungua milango ya godauni Ramadhani nzima. Kurasa zangu za kutoka zilijaa hadi nikaomba daftari jingine. Duniani hakuna karani aliyeandika mitungi mingi kama mimi mwezi ule, na kila nyumba ya kisiwa ilinunua, ikanung'unika, ikakaanga. Mimi ningali nafanya kazi palepale. Nimefikiria kuacha, lakini kodi ya kile chumba sasa nailipa mimi.

Baada ya Idi nilipokea mshahara, nikaenda kununua karai jipya, zito, la chuma, kubwa kushinda lile la kwanza. Nilimpelekea mamangu mdogo nikalitua mbele yake kwa mbwembwe, kama mtu aliyeleta mahari. Aliligonga kwa kucha akasikiliza mlio.

"Zuri. Na mwenye hoteli je?"

"Nini, mama?"

"Ashapata mtu. Wale wenye kiwanda cha mikate, wamletea mahamri kwa tuktuk, yamefungwa kwa karatasi za nailoni. Alikuja kuniomba radhi mwenyewe. Amewekeana nao mkataba wa mwaka, na bei wabadilisha wao wakitaka." Akalisukuma karai kwangu kwa mguu, polepole. "Mia mbili za kila siku zile ndizo zilizokuwa zikiendesha kazi. Kichochoroni wanunua kumi, ishirini. Hayarudishi pesa za mafuta."

"Basi ukaange hayo ishirini, mama. Nitanunua mimi. Nitakula yote."

Hapo aliteka, kidogo.

"Ishirini utakula, hilo najua. Lirudishe, mwanangu, wakurudishie pesa zako kabla halijaingia moshi."

Nikalitia karai kichwani nikatoka. Vichochoro vyetu ni vyembamba na karai lilikuwa pana, ikabidi watu wajibanze ukutani nipite. Jirani yule wa kelele za Ngumbaru alikuwa barazani kwake.

"Profesa! Leo watuuzia nini?"

Kwa kawaida ningempa jibu ambalo lingemfanya adondoshe kikombe. Nilitafuta moja, kweli nilitafuta, hadi nikafika mwisho wa kichochoro bila kulipata. Nikakata kona na karai langu.